Ludwig Guttmann: Daktari aliyekataa waliovunjika mgongo waachwe wafe

LUBUMBASHI – Mji unaoishi kwa mgodi unazijua ajali za mgongo. Mchimbaji anafunikwa na udongo shimoni, mwendesha pikipiki anagongwa barabarani, na tangu siku hiyo miguu haisikii tena. Siku hizi wapo jamaa wanaouliza kama seli shina zinazozungumzwa ng'ambo zinaweza kumsimamisha mtu wao. Kabla ya seli hizo yupo daktari mmoja wa kukumbukwa, ambaye habari zake nazo zinaanzia kwa mchimbaji.

Ludwig Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, wakati huo Ujerumani, leo Poland. Alikulia Königshütte, mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1917, akiwa kijana wa kujitolea katika hospitali ya wachimbaji, alimwona mchimbaji mmoja mwenye nguvu zake akiletwa akiwa amevunjika mgongo. Guttmann aliambiwa asijisumbue hata kuandika habari za mgonjwa huyo, maana siku zake zilikuwa zinahesabika. Baada ya wiki 5 alikufa. Hakuuawa na mfupa uliovunjika. Vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo ndivyo vilivyotia sumu damu yake.

Guttmann alisomea udaktari, akawa bingwa wa mishipa ya fahamu huko Breslau. Mwaka 1933 Wanazi walipowafukuza Wayahudi kazini, naye aliondolewa, akahamia hospitali ya Wayahudi ya mji huo. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa moto, aliagiza kila anayebisha hodi apokelewe bila kuulizwa. Waliingia watu 64. Kesho yake polisi wa siri walimtaka aeleze ugonjwa wa kila mmoja, naye akapita kitanda hadi kitanda akiwatungia magonjwa. Watu 60 waliokoka. Machi 1939 alifika Uingereza kama mkimbizi, pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Tarehe 1 Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya waliojeruhiwa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Vita vilikuwa vinaleta askari wengi waliopooza, na madaktari wenzake waliona kazi hiyo haina matumaini. Dawa mpya hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ukaidi. Kila mgonjwa aligeuzwa kitandani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na mwanzoni Guttmann mwenyewe alikuwa akipita usiku kuhakikisha. Kibofu kilitolewa mkojo kwa usafi mkubwa, ngozi ilikaguliwa, plasta ilivuliwa. Kisha mgonjwa aliamshwa akae, ajifunze kazi ya mikono, arudi kwao. Wagonjwa wengine walimwona mkali kupita kiasi, na huenda walikuwa na haki. Lakini walikuwa hai kulalamika.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwapanga wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, wakiwa kwenye viti vya magurudumu, washindane kurusha mishale. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 walishiriki. Ndiyo Paralimpiki ya kwanza.

Na zile seli shina? Mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo ukikatika hauungi wenyewe kama mfupa. Watafiti wanajaribu kupandikiza seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za fahamu ili kuziba pengo. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilitangaza matokeo ya wagonjwa 4 wa kwanza wa jaribio lake: wawili walipata nafuu, mmoja wao akaweza kusimama, na wawili hawakubadilika sana. Ni habari njema, lakini ni watu 4 tu, waliopandikizwa wiki chache baada ya ajali. Anayeuza sindano za seli kwa maelfu ya dola leo anauza ahadi. Hata seli zikifaulu kesho, zitamfaa aliye hai bila vidonda. Kugeuzwa kila saa 2 hakuhitaji maabara: kunahitaji mama, kaka au muuguzi aliyefundishwa, hata katika nyumba ya Kenya au Katuba.

Malkia alimpa Guttmann heshima ya Sir mwaka 1966, akastaafu mwaka huohuo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Machi 1980, akiwa na miaka 80. Paralimpiki ya mwaka 2012 ilipofanyika London, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipeleka wanamichezo wake kwa mara ya kwanza.