Leo Fender: katengeneza besi, kupiga hajui

Wadau, kila gitaa la besi la umeme mnaloliona jukwaani lina deni kwa huyu mzee wa California. Leo Fender kazaliwa 1909, akapoteza jicho moja utotoni, akasomea uhasibu. Mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Gitaa hakujua kupiga mpaka anakufa!

Sasa alijuaje kama kazi yake ni safi? Aliwapa wanamuziki wakapigie shoo, wakirudi na malalamiko anafungua, anarekebisha. Ndivyo lilivyotoka besi la Precision 1951: nyuzi 4, na fureti zake, yaani ukibonyeza tu noti inatoka sawasawa, siyo kubahatisha kama lile besi kubwa la kusimama.

La nyuzi 5 ndo likagoma. Bass V lilitoka 1965, mwaka huohuo aliouzia CBS kampuni kwa dola milioni 13. Uzi wa tano uliwekwa upande wa sauti nyembamba, shingo ikabaki na fureti 15 tu. Mimi naona ndipo walipochemsha: mpiga besi anataka kushuka, siyo kupanda! Besi nyingi za nyuzi 5 za siku hizi zina uzi mnene wa B chini kabisa. Bass V halikuuza, likaachwa.

Mzee hakustaafu. Akaenda Music Man, halafu G&L, akaendelea kuchokonoa magitaa huku ugonjwa wa Parkinson unamtetemesha, hadi alipofariki Machi 1991.