Ole Kirk Christiansen, seremala wa Billund: maisha yake na bawa la ndege



Juma lililopita mtoto wa mwenzetu mmoja alikuja ku biro ya sindika na ndege mkononi. Haikuwa ndege ya kununua. Aliijenga yeye mwenyewe na matofali madogo ya plastiki, yale yenye vichwa juu, ambayo mama yake aliyapata ku soko ndani ya mfuko wa vitu vilivyokwisha kutumika. Bawa moja lilikuwa jekundu, lingine nusu manjano, na mkia ulikuwa wa rangi tatu. Hakufuata kartasi yoyote. Aliangalia tu ndege zinazoshuka Luano, kisha akatafuta mayele yake mwenyewe. Tuliipindua ile ndege, tukaitikisa. Bawa halikuanguka. Tukaanza kuulizana: ni kitu gani kinashika bawa hili? Gundi hakuna, musumari hakuna, na chini yake iko hewa tupu.

Jina la LEGO wengi tunalijua. Mzee aliyelianzisha, ni wachache wanaomjua. Leo tunaeleza maisha yake, juu ya maisha yake njo yanajibu lile ulizo la bawa.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 huko Filskov, kijiji cha Danemarki. Alikuwa mtoto wa kumi katika nyumba ya watu maskini. Tangu udogo wake alichunga mifugo, kisha akajifunza useremala kwa mkubwa wake. Alipokomaa alitoka kwao kutafuta kazi Ujerumani na Norvegi, sawa vile wazee wetu walivyoacha vijiji vyao kuja kutumika katika migodi. Huko Norvegi alipata bibi, Kristine. Mwaka 1916, na feza aliyoweka pembeni, alinunua atelye ya useremala ku kijiji kidogo kinachoitwa Billund. Hapo alitengeneza milango, madirisha na vyombo, na alijenga nyumba za wakulima wa pale.

Mwaka 1924 watoto wake wawili, Karl Georg na Godtfred, waliwasha moto ndani ya atelye. Walikuwa wadogo sana, walichezea moto karibu na takataka za mbao. Nyumba na atelye vyote viliungua. Mzee alijenga tena, na akajenga kubwa kupita ya kwanza, akitumaini kwamba kazi itakuja.

Lakini nyuma ya 1929 dunia nzima iliingia katika taabu ya feza. Sisi watu wa mgodi tunajua maana yake: bei inaanguka mbali, na mtu wa hapa anapoteza mushahara. Huko Danemarki bei ya mazao ya wakulima ilianguka, na mkulima asiye na feza hajengi nyumba. Kazi ya seremala ikakauka. Ole Kirk alilazimishwa kuwarudisha watumishi wake kwao. Mwaka 1932 bibi yake Kristine akafa, akamwachia watoto 4 wanaume. Hapo mzee alikuwa na miaka 41, bila bibi, bila kazi, na deni juu ya kichwa.

Kwa kukosa kazi kubwa alianza kutengeneza vitu vidogo vya mbao: ngazi fupi, mbao za kupigia pasi, na michezo ya watoto. Kati ya michezo ile kulikuwa motokari za mbao, na ndege za mbao pia. Ndugu zake walikubali kumsimamia ku deni, lakini walimwuliza kama hana kitu cha maana zaidi cha kufanya kuliko michezo ya watoto. Mzee hakusikia. Wateja wengine, kwa kukosa feza, walimlipa na chakula. Halafu kukaja yo-yo, mchezo ambao watu wote waliukimbilia, na siku chache nyuma watu wote waliuacha. Yo-yo zilizobaki hakuzitupa. Alizikata katikati na kuzifanya magurudumu ya motokari za mbao.

Katikati ya miaka ya 1930 kazi yake ilipata jina LEGO, maneno mawili ya kwao yaliyokatwa na kuunganishwa, maana yake kucheza vizuri. Mtoto wake Godtfred, aliyeanza kutumika naye akiwa na miaka 12, alichonga ubao na kuutundika ku ukuta wa atelye. Ulisema kwamba hata kitu kizuri kupita vyote hakizidi kiasi.

Godtfred alikuja kujifunza ubao ule kwa mwili wake. Kulikuwa bata wa mbao, wenye magurudumu, ambao mtoto anawavuta na kamba. Kila bata alipakwa verni mara tatu. Siku moja Godtfred alipeleka masanduku ya bata ku gare ya treni, akarudi na furaha, akamwambia baba yake kwamba ameponyesha feza: amepaka mara mbili tu, na hakuna mtu atakayeona. Baba yake alimtuma arudi ku gare saa ile ile, ayachukue masanduku yote, apake verni mara ya tatu, na ayarudishe. Na kazi ile aifanye peke yake, hata kama ni usiku kucha. Kijana akafanya vile.

Hapa sisi wa sindika tunasimama kidogo. Ulizo letu la kwanza ni kwamba yule kijana alilala saa ngapi, na nani alimlipa usiku ule? Tumeona mapatroni wengi wanaolilia kazi nzuri na hawatoi saa za kuifanya. Lakini tukiwa wenye haki, tunaona kwamba mzee huyu alikuwa tofauti kwa jambo moja. Verni ya mara ya tatu ilikuwa ndani ya hesabu yake tangu mwanzo. Feza yake ilitoka, saa zake zilihesabiwa. Aliyeziiba alikuwa mtoto wake mwenyewe, tena kwa kutaka kumfurahisha. Patroni anayekataa faida ya kuficha, hata inapoletwa na mtoto wake wa damu, si wengi tumewaona.

Danemarki iliingiliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1940. Mwaka 1942, vita ikiendelea, atelye ya Billund iliungua tena, usiku, pamoja na mifano na michoro ya kazi ya miaka mingi. Ole Kirk alikuwa amepita miaka 50. Alikuwa mtu wa sala, lakini safari hii alikuwa karibu kuacha yote. Kilichomrudisha ku kazi, kwa habari iliyobaki, ni watu waliotumika naye. Kijiji kilikuwa kidogo, na familia nyingi zilikula kutoka atelye ile. Akajenga tena.

Nyuma ya vita mbao nzuri ilikosekana, na plastiki ilikuwa kitu kipya. Mwaka 1946 mzee aliamua kununua mashine ya Uingereza ya kupiga plastiki ndani ya kalibu, kwa koroni 30,000, feza nyingi sana kwa kazi sawa ile. Watu wa kwao walimwona kama amepotea. Na hapa lazima tuseme ukweli wote, juu ya sisi tunaopigania haki ya mtumishi hatuwezi kumnyima mtu haki ya kazi ya akili yake. Wazo la tofali dogo la plastiki lenye vichwa halikuzaliwa Billund. Lilikuwa la Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, aliyekuwa akiuza matofali ya namna ile katika nchi yake. Mfano wa kazi yake ulifika mikononi mwa Ole Kirk na Godtfred pamoja na habari za mashine, wakaugeuza kidogo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza ya kwao. Page alikufa mwaka 1957. Ni katika mwaka 1981 tu kampuni ya LEGO ilinunua haki za matofali yale ya Page. Hatusemi jambo hili kwa kumchafua mzee. Tunalisema kwa sababu maisha ya mtu mkubwa yanaelezwa pamoja na deni zake.

Matofali ya 1949 hayakuuzwa vizuri, na wenye maduka wengi waliyarudisha. Ubaya wake ulikuwa ndani. Yalikuwa matupu chini, sawa sanduku lililopinduliwa. Vichwa vya tofali la chini vilishikwa na kuta za pembeni tu. Kwa kujenga nyumba, hiyo inatosha kidogo, juu ya uzito wa kila tofali unakandamiza lile la chini, na ukuta unasimama kwa uzito wake. Lakini mujaribu kujenga bawa la ndege. Bawa halina ukuta wa kulibeba. Linatoka pembeni na kubaki hewani, na uzito wake unavuta viungo ili vifunguke. Tofali tupu haliwezi. Mtoto anainua ndege yake, na bawa linabaki chini.

Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred alipeleka ku serikali ombi la kulinda uvumbuzi mpya. Ndani ya tofali lenye vichwa 8 waliweka mirija mitatu. Sasa kila kichwa kinachoingia kinabanwa pahali patatu, kati ya mirija na kuta. Kwa macho, tofali ni lile lile. Ukiliweka juu ya meza huoni tofauti. Lakini tangu siku ile lilianza kushika, na kitu kilichojengwa kiliweza kutoka pembeni, kuinama, na kuinuliwa na mtoto anayekimbia nacho. Wenye hesabu wamepata kwamba matofali 6 tu ya vichwa 8, ya rangi moja, yanaunganishwa kwa namna 915,103,765.

Mzee Ole Kirk aliona mirija ile, lakini si kwa siku nyingi. Alikufa tarehe 11 Machi 1958, majuma sita nyuma ya ombi lile, akiwa na miaka 66. Mwaka 1960 moto ulikula depo ya michezo ya mbao, na kazi ya mbao ikaachwa. Mwaka 1963 plastiki ya kwanza, iliyokuwa ikipindika na wakati, ilibadilishwa na nyingine ngumu zaidi. Na kijiji cha Billund, ambako yule seremala alikuwa akichonga ndege za mbao, kilipata uwanja wa ndege za kweli: Godtfred aliuanzisha kwa ajili ya kampuni, na mwaka 1964 ukafunguliwa kwa watu wote. Tofali la 1958 hata leo linaingia ndani ya tofali lililotoka kiwandani jana.

Turudi ku ndege ya yule mtoto. Tulimwomba atufunulie siri yake, akaivunja mbele yetu. Kipande kirefu kupita vyote hakukiweka ku bawa la kuume wala la kushoto. Alikipitisha katikati ya mwili wa ndege, kutoka upande moja mpaka mwingine, ili mabawa mawili yashikwe na mfupa moja. Viungo hakuvipanga ku mstari moja. Kila kipande kinafunika kiungo cha kile cha chini, sawa fundi wa nyumba anavyopanga matofali yake. Puani aliweka vipande vizito, ili ndege isikalie mkia. Baadaye akafunika yote na vipande vya rangi alivyobaki navyo. Ukiiangalia inje, unaona rangi tu. Mfupa huuoni.

Wandugu, ni hapo tulinyamaza ndani ya biro. Kila mtu alikuwa na jina moja ndani ya roho. Tulikwisha kuzika wenzetu walioangukiwa na mwamba pahali ambapo miti na vyuma vya kuushikilia viliwekwa haraka, moja pahali pa tatu, kwa sababu tani zilikuwa zikingojewa juu. Siku ya uchunguzi kila kitu kilionekana kizuri kwa inje. Kazi ya kushikilia mwamba haipigwi picha, haihesabiwi katika tani, na kama imefanywa vizuri, faida yake ni kwamba hakuna jambo lililotokea. Njo verni ya tatu. Njo mirija ndani ya tofali. Tofauti ni kwamba bata aliyepakwa mara mbili hamuui mtu.

Basi ku mkutano unaokuja tutaleta jambo moja tu: saa za wenzetu wanaoweka miti na vyuma zihesabiwe kama kazi kamili, na zilipwe kama kazi, wala zisikatwe ili tani ziongezeke. Anayetaka mwamba usimame, alipe mfupa wake.

Na siku ya Mungu, baba asiyekuwa ku zamu akae chini na watoto wake. Mwenye matofali ya plastiki atumie hayo, mwenye nyaya na makopo atumie hayo. Mujenge ndege, mila kufuata kartasi ya mtu. Kisha muipindue na kuitikisa. Kama bawa limeanguka, msimkaripie mtoto. Mufungue, mutafute pamoja pahali ambapo mfupa ulikosekana.