Afya: Rinne, munganga aliyepima masikio kwa diapazoni

Heinrich Adolf Rinne alikufa mwaka wa 1868 mjini Hildesheim, inchini Ujerumani, bila kujua kama jina lake litatajwa siku moja katika hospitali za dunia nzima. Ndiye aliyeonyesha namna ya kutambua kwa sauti kama ugonjwa umekaa katika sikio la kati ao ndani zaidi, kwenye mishipa.

Alizaliwa mwaka wa 1819 huko Vlotho, mji mdogo kando ya mto Weser, na akasomea uganga kwenye chuo kikuu cha Göttingen. Wakati huo, mtu asiyesikia aliwapa waganga shida kubwa, kwani hawakuweza kuona kinachotendeka nyuma ya ngoma ya sikio.

Mwaka wa 1855, Rinne alichapisha andiko juu ya kazi ya sikio katika gazeti la uganga la Prague. Humo alieleza kipimo chepesi. Munganga anapiga diapazoni, chuma cha meno mawili ambacho wanamuziki wanatumia, kisha anaiweka kwenye mfupa wa kichwa. Leo ni mfupa wa nyuma ya sikio. Mgonjwa akisema sauti imekwisha, diapazoni inasogezwa mbele ya tundu la sikio. Mwenye sikio zima ataisikia tena, kwa sababu ngoma na mifupa midogo mitatu vinaongeza nguvu ya sauti ya hewani. Asipoisikia, njia ya kati imeharibika: pengine kuna usaha, ngoma imetoboka, ao mifupa imekazana. Ikiwa mishipa ndiyo imechoka, sauti ya hewani bado inashinda ile ya mfupa, hata kama zote zimepungua.

Kipimo hicho kina mtego. Sikio likifa kabisa, lile lingine linadaka sauti kupitia mfupa na kumdanganya munganga. Ndiyo maana kinafanywa pamoja na kile cha Ernst Heinrich Weber wa Leipzig: diapazoni inawekwa katikati ya paji la uso. Sauti ikielekea sikio gonjwa, shida iko kati. Ikielekea lile zima, shida iko kwenye mishipa.

Rinne hakuona matunda ya kazi yake. Andiko lake halikujaliwa sana, naye akaenda kutunza wagonjwa wa akili Hildesheim. Ni katika miaka ya 1880 ndipo Friedrich Bezold na August Lucae walikieneza kipimo chake.

Leo kuna mashine za kupima masikio, lakini diapazoni haiombi umeme. Kwa dakika chache inamwonyesha munganga ni mgonjwa yupi wa kutumwa haraka kwa mtaalamu.