Shubnikov: Mwanafizikia aliyeuawa kabla ya uvumbuzi wake kueleweka

MFUNGWA aliyepigwa risasi mnamo Novemba 10, 1937 katika Muungano wa Sovieti hakuwa mhaini. Alikuwa Lev Shubnikov, mwanafizikia mwenye umri wa miaka 36.

Shubnikov alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka wa 1901. Mnamo 1926 alienda Leiden, Uholanzi, mji ambako iligunduliwa mwaka wa 1911 kwamba baadhi ya metali zikipozwa mno hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Metali hizo huitwa supakondakta.

Aliporejea mwaka wa 1930 alikabidhiwa maabara ya baridi kali mjini Kharkov, Ukraine. Wakati huo supakondakta zilikuwa zimewavunja moyo wataalamu waliotaka kuundia sumaku kubwa. Metali safi huizuia nguvu ya sumaku isipenye ndani yake, lakini nguvu hiyo ikizidi kiwango fulani, ukinzani hurejea ghafla.

Shubnikov na wenzake walichanganya madini ya ledi na thali kwa uangalifu mkubwa, wakaona jambo jipya. Nguvu ya sumaku ilipenya kidogo kidogo, ilhali umeme uliendelea kupita bila kikwazo hadi kiwango cha juu zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1937, lakini ni wachache walioyatilia maanani.

Agosti mwaka uo huo, wakati wa msako mkali wa utawala wa Stalin, alikamatwa kwa tuhuma za hujuma. Alimwacha mkewe, Olga Trapeznikova, ambaye pia alikuwa mwanafizikia. Kwa miaka mingi vitabu vilidai kwamba alifariki 1945.

Haki ilichelewa kwa miongo miwili. Mnamo 1957 serikali ilimwondolea lawama. Mwaka huo huo Alexei Abrikosov alieleza kilichoonekana Kharkov: sumaku hupenya kama nyuzi nyembamba, na elektroni huzunguka kila uzi mfano wa maji katika kizingia, huku sehemu zilizosalia zikibaki bila ukinzani. Nadharia hiyo ilimpa Abrikosov Tuzo ya Nobel mwaka wa 2003.

Leo hii, mgonjwa anapoingizwa katika mashine ya MRI hospitalini, mara nyingi sumaku inayomzunguka imeundwa kwa nyaya za niobi na titani, supakondakta za aina ile ile aliyoibaini Shubnikov. Waliomuua walifuta jina lake kwa muda. Kazi yake hawakuweza kuifuta.