Samuel Morse na Alama Zake

Bwana Samuel Morse alizaliwa mwaka 1791 huko Charlestown, katika nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini yeye alichagua kazi ya kuchora picha za watu. Mwezi wa Februari 1825 alikuwa Washington kwa kazi hiyo, na mkewe akafariki nyumbani New Haven. Barua ya msiba ilikwenda polepole. Hata Bwana Morse alipofika, mkewe amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1832, akirudi kwa meli kutoka Ulaya, alisikia abiria wakizungumza habari za sumaku na umeme. Akawaza kwamba, ikiwa umeme hupita katika waya mara moja, habari nazo zaweza kupita. Akataabika miaka mingi, akisaidiwa na Bwana Alfred Vail. Mwaka 1843 Baraza la Marekani likatoa dola 30,000, na tarehe 24 Mei 1844, mbele ya wakuu, maneno ya Kitabu cha Hesabu yalitoka Washington yakafika Baltimore kwa nukta na mistari. Wala tusifiche kosa lake: aliandika kuutetea utumwa. Alifariki mwaka 1872.

Alama zake zilitengenezwa upya Ulaya, kisha zikaingia katika simu ya upepo. Hata watu walioitumia kwa kujipendea tu, pasipo mshahara, hawakupewa ruhusa ya kutumia mawimbi yaendayo mbali mpaka washinde mtihani wa alama hizo. Mwishowe pakazuka mabishano makubwa. Wazee wa kazi walisema kwamba mtihani hufundisha bidii, na kwamba alama husikika hata sauti ya mtu inapozama katika kelele. Wengine wakajibu kwamba meli zimekwisha kuziacha, na kwamba mtihani huo huwazuia vijana wenye akili ya mitambo. Kila upande ulikuwa na neno la haki.

Mwaka 2003 mkutano wa mataifa huko Geneva uliiachia kila nchi iamue yenyewe. Uingereza iliuondoa mtihani mwaka ule ule, na Marekani mwaka 2007. Lakini alama hazikufa. Wako wengi wanaojifunza hata leo, bila kulazimishwa na mtu, nao huzungumza na nchi za mbali kwa nguvu ndogo ya umeme.