Umanjano wa Beethoven: macho yakitakata, usidhani umepona

Kliniki mara nyingi huniambia wagonjwa kwamba miezi kadhaa iliyopita macho yao yaligeuka njano, wakanywa dawa za miti shamba, umanjano ukaondoka, basi hawakuona haja ya kupima. Leo, badala ya kukuhubiria, nakusimulia maisha ya mtu mmoja maarufu aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita. Huenda jina lake hulijui, lakini muziki wake umeusikia, hata kama ni kwenye mlio wa simu.

Ludwig van Beethoven alizaliwa mwaka 1770 mjini Bonn, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwimbaji na mlevi. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1787, na kijana Ludwig akabaki na mzigo wa kuwatunza wadogo zake wawili. Mwaka 1792 alihamia Vienna, Austria, akaishi huko hadi kifo chake.

Kabla hajafikisha miaka 30, masikio yalianza kufifia. Mwaka 1802 aliandika barua kwa wadogo zake, akiomba kwamba akifa, daktari wake aueleze ugonjwa wake ili watu wamwelewe. Alikuwa akifikiria uziwi. Lakini uziwi haukumuua.

Kiangazi cha 1821

Mwaka huo Beethoven aligeuka njano. Ngoja nikueleze maana yake. Chembe nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjika, hutoa taka ya rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini huichukua, huichanganya na nyongo na kuitoa kupitia choo. Chembe zikivunjika kwa wingi kupita kiasi, ini likiumwa, au mirija ya nyongo ikiziba, taka hiyo hujaa mwilini. Huonekana kwanza kwenye weupe wa macho, kisha kwenye ngozi. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, macho ndiyo ya kuangalia.

Umanjano ule ulipita, naye akarudi kazini. Mei 1824, akiwa hasikii karibu chochote, simfonia yake ya tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna. Nani angemwambia kwamba ni mgonjwa?

Mwaka 1825 aliugua tumbo, akatokwa damu puani na kutema damu. Daktari wake alimkataza mvinyo na kahawa. Alipopata nafuu, alitunga muziki wa shukrani kwa kupona. Mvinyo hakuuacha.

Desemba 1826 alirudi Vienna kutoka kwa mdogo wake akiwa na homa na kikohozi. Siku chache baadaye umanjano ulirudi, na safari hii miguu na tumbo vilijaa maji. Madaktari walimtoboa tumbo mara nne kuyatoa. Alifariki Machi 26, 1827, akiwa na miaka 56. Mwili wake ulipochunguzwa, ini lilikuwa limesinyaa hadi nusu ya ukubwa wake, gumu, lenye vinundu mfano wa maharage. Leo tunaita hali hiyo sirosisi: ini lililojaa makovu.

Mwaka 2023 watafiti walitoa majibu ya vinasaba kutoka kwenye nywele zake zilizohifadhiwa. Walikuta kirusi cha homa ya ini aina ya B, na pia urithi unaoongeza hatari ya ugonjwa wa ini. Ongeza pombe juu yake, na mambo matatu yakawa yanalishambulia ini moja.

Madaktari wake hatuwalaumu. Kirusi hicho kilijulikana miaka ya 1960, na chanjo ilipatikana miaka ya 1980. Wewe unavyo vyote viwili, kipimo na chanjo.

Ukiona macho ya njano

Sababu ni nyingi: homa ya ini, malaria kali, selimundu, mawe kwenye mfuko wa nyongo, pombe, baadhi ya dawa na miti shamba, au uvimbe unaobana mirija ya nyongo. Aliyekula karoti nyingi mno anaweza kuwa na viganja vya njano, lakini weupe wa macho yake hubaki mweupe.

Macho yakiwa njano, nenda ukapimwe, hata kama huumwi popote. Usisubiri kesho ikiwa una homa kali, umechanganyikiwa au unasinzia ovyo, unatapika damu, unapata choo cheusi kama lami, tumbo linauma sana au limejaa maji, au wewe ni mjamzito.

Kwa wazazi

Watoto wachanga wengi hupata umanjano siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi huisha wenyewe. Lakini mpeleke mtoto hospitali haraka ikiwa umeanza ndani ya saa 24 za kwanza, umefika kwenye nyayo na viganja, mtoto hanyonyi vizuri, analegea, ni mgumu kuamshwa au analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida. Bilirubini nyingi hudhuru ubongo na masikio. Beethoven aliupata uziwi ukubwani. Mtoto anaweza kuupata katika wiki ya kwanza ya maisha. Kumwanika juani hakuchukui nafasi ya kipimo wala ya taa maalumu za hospitali.

Umanjano ukizidi siku 14, au choo cha mtoto kikiwa cheupe kama chokaa, usikubali kuambiwa usubiri. Mirija ya nyongo inaweza kuwa imeziba, na upasuaji hufaa zaidi kabla ya miezi miwili.

Homa ya ini B hupita kwa damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haipiti kwa kula sahani moja. Mama mjamzito, omba kipimo chake kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kwanza. Uliza kama inapatikana unapojifungulia. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 usizikose.

Kati ya umanjano wa kwanza wa Beethoven na kifo chake ilipita miaka sita kasoro. Katika miaka hiyo macho yake yalitakata, lakini ini liliendelea kuharibika kimyakimya. Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako aliwahi kuwa njano akapona bila kupimwa, wiki hii mpeleke akapime homa ya ini.