Kijana aliyetaka kufika Cuba, akakwama Mombasa

Ukikaa pale bandari ya kale jioni, chini ya Mji wa Kale, stori ni ile ile. Huyu anasubiri viza ya Qatar. Yule dada yake yuko Saudia. Mwingine ana mpango wa kupanda meli, ila mpango wenyewe hata yeye hauelewi. Mimi pia nilikuwa na wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili nikajiambia nitaondoka tu, kokote. Sijaondoka. Niko hapa na kahawa chungu na kashata, nawaandikia nyinyi.

Siku moja mzee mmoja wa barazani kwetu akafungulia wimbo kwenye simu yake. Nikasikia tumba, manyanga, na vile vijiti viwili vya mbao vinavyogongwa ka-ka-ka, kaa-kaa. Nikajua hii ni Cuba tu. Kumbe mwimbaji kufungua mdomo, ni Kiswahili, tena cha kuelewa kila neno. Nikamuuliza mzee ni nani huyo. Akaniambia ni Salum Abdallah wa Morogoro, na kwamba aliwahi kuja hapa Mombasa akiwa barobaro, anatafuta meli.

Basi nikaanza kumfuatilia.

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa mwaka 1928. Morogoro ni mji ulio chini ya milima ya Uluguru, bara kabisa, hauna bahari wala meli. Lakini ulikuwa na gramafoni. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kuuza Afrika santuri za muziki wa Cuba, zenye herufi GV na namba kwenye lebo. Watu wakaziita hivyo hivyo, GV. Zilifika miji ya pwani, zikaingia bara, zikachezwa hadi zikakwaruzika. Waliozisikiliza hawakujua Kihispania, lakini mdundo waliuelewa. Na wangekosaje kuuelewa? Ngoma zile zilipelekwa Cuba na Waafrika waliochukuliwa utumwani, zikakaa huko miaka mingi, zikachanganyika na gitaa la Wahispania, halafu zikarudi Afrika zikiwa ndani ya santuri.

Huyu kijana wa Morogoro zilimshika vibaya. Inasimuliwa kwamba hakuridhika kusikiliza tu. Alitaka kufika Cuba kwenyewe, ajifunze muziki ule kwa wenyewe. Akatoroka nyumbani. Safari yake ikaishia hapa kwetu Mombasa. Cuba hakuiona.

Hebu fikiria kidogo. Kisiwa chetu ni kidogo, unaweza kukikata kwa miguu kutoka Fort Jesus hadi Kilindini na bado ukawahi swala. Upande mmoja majahazi, upande wa pili meli kubwa za dunia nzima. Kijana amesimama hapo, meli anaziona kwa macho yake, na hakuna hata moja ya kumchukua. Ile hali naijua. Wengi wetu hapa tunaijua. Unaiona njia ya kutokea kila siku, lakini si yako.

Salum akarudi Morogoro. Mimi hapo ndipo ningeinamisha kichwa na kujifungia ndani, manake kurudi mikono mitupu mtaani kwenu si mchezo. Watu wanakuuliza vipi Ulaya, na wewe ulifika Mombasa. Yeye mwaka 1948, akiwa na miaka 20 hivi, akaanzisha bendi. Mwanzo iliitwa La Paloma, baadaye ikajulikana kama Cuban Marimba. Liangalie hilo jina. Cuba ni kule alikotaka kwenda. Marimba ni neno letu, la Kibantu. Aliyaweka pamoja akalipa bendi ya Morogoro.

Na hakuwa anaiga tu. Vijana wengi wa wakati ule waliimba Kihispania cha kukisia, maneno yasiyo na maana, mradi yasikike kama santuri. Salum aliuchukua ule mdundo wa rumba na chacha akauwekea Kiswahili. Mapenzi, masikitiko, mambo ya watu wa mtaani. Siasa nazo hazikumpita. Tanganyika ilikuwa inaelekea uhuru, ukapatikana Desemba 1961, na nyimbo zake zilikuwa ndani ya harakati hizo. Kwa hiyo mtu wa Morogoro alikuwa anacheza mdundo wa Havana huku akisikia habari zake mwenyewe.

Mji ule ulikuwa pia na Morogoro Jazz, bendi iliyokuja kumtoa Mbaraka Mwinshehe. Mji mdogo, bendi mbili kubwa. Ushindani wenyewe ulikuwa moto.

Halafu kuna hili ambalo mimi limenikaa. Santuri za Cuban Marimba zilitoka kwa lebo ya Mzuri. Mzuri ilikuwa ya nani? Ya Assanand na wanawe, wafanyabiashara wa muziki wa hapa hapa Mombasa. Yaani mji ule ule uliomkwamisha ndio uliokuja kuiuza sauti yake. Alipita hapa kijana asiyejulikana, nauli hana, akaja kurudi akiwa ndani ya santuri, watu wakamnunua kwa pesa zao.

Mwaka 1965 alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 37. Juma Kilaza akaichukua bendi akaendelea nayo. Na kama vile Morogoro na Mombasa zina deni fulani kati yao, Mbaraka Mwinshehe naye alikufa kwa ajali ya gari, Januari 1979, na ilikuwa huku kwetu Mombasa.

Mwaka 2000 lebo ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Salum za kuanzia 1955 hadi 1965, ikazitoa kwa jina Ngoma Iko Huku. Itafute. Usiisikilize kama muziki wa babu. Weka spika, ongeza besi, halafu sikiliza tumba na gitaa vinavyojibizana. Hawa maprodyusa wetu wanaochanganya chakacha na fanki na kila kitu wanadhani wameanza jana. Wenzao walishaanza zamani, kwa mtambo mmoja wa kurekodia na hakuna kurudia rudia.

Siwaambii msiende Qatar. Mwenye viza aende, na atukumbuke. Mimi mwenyewe nikipata nitapanda. Ila ule wimbo wa mzee umenibadilishia swali. Zamani nilikuwa najiuliza nitaondoka lini. Sasa najiuliza, kile nilichokuwa nakifuata kule, nimeshajaribu kukifanya hapa? Jibu langu ni hapana, bado. Salum alirudi bila kuiona Cuba, akaifanya Morogoro watu wacheze.

Kesho jioni nipo pale bandari ya kale. Mwenye spika aje nayo.